Siku Pikapu ya Wifi Ilipofika Kijiweni

Kijiwe chetu kipo pale kona, karakana ya kuchomelea upande huu, saluni ya kinyozi upande ule, na katikati benchi. Benchi lenyewe ni geti. Sisemi linafanana na geti, ni geti kabisa: lile refu jembamba la kupita watu kwa miguu, limelazwa juu ya matofali manne ya saruji, likafungiwa mbao kwa waya. Katikati lina kovu, pale lilipokatwa likaungwa tena, na kovu hilo linabana suruali, kwa hiyo wenyeji tunajua pa kukaa na wageni wanajifunza. Aliyelitengeneza ni wifi yangu, dada wa mume wangu, tunamwita Cheche kwa ajili ya zile cheche zinazoruka akiwa kazini. Mimi ndiye mwenye birika, wananiita Mama Birika. Nauza kahawa, na tangu nimalize darasa la watu wazima nasoma kila chenye herufi: mifuko ya saruji, mabango, mpaka maandishi yaliyo chini ya vikombe vyangu mwenyewe. Nimevitumia miaka yote bila kujua vimeandikwa "usiweke juu ya moto".

Siku hiyo tulikuwa tunamsubiri Cheche aje na pikapu yake mpya. Wiki nzima kijiwe kilikuwa hakizungumzi jingine. Duka la magari lilimpa kitabu cha picha, kurasa zinang'aa kama zimepakwa mafuta, naye akakileta kwetu. Tukakiwekea sheria: birika moja, ukurasa mmoja. Mimi nasoma kwa sauti, wao wanakunywa, tukimaliza ukurasa tunabishana mpaka birika liishe, basi, mpaka kesho. Nasoma taratibu, sikatai. Lakini nasoma chote.

Kinyozi: Mama Birika, soma basi. Tulikomea wapi?

Mimi: Viti tumemaliza jana. Leo ni redio na spika.

Dokta Waya: Ruka spika. Nenda kwenye bodi.

Huyu Dokta Waya hatibu watu. Anatengeneza simu na redio, na hajaona kitu hapa duniani ambacho hakukitilia shaka.

Kinyozi: Hakuna kuruka! Tumekubaliana. Kuruka ukurasa ni sawa na kumnyoa mtu nusu kichwa.

Dokta Waya: Gari linafika leo, ndugu yangu. Tunajua rangi ya uzi wa viti, hatujui pale nyuma panapokaa mzigo pakoje.

Mzee Breki: Pale nyuma najua mimi.

Mzee Breki ameendesha malori mpaka magoti yakakataa. Kwake yeye gari zuri la mwisho lilishatengenezwa, na aliliendesha yeye.

Mzee Breki: Pikapu ya aina hiyohiyo nimeiendesha. Geti la Cheche lingelala mle limenyooka, mlango wa nyuma umefungwa, na mbuzi angepata pa kusimama.

Kinyozi: Ile ya zamani, Mzee.

Mzee Breki: Mpya si ndiyo kubwa zaidi? Umeiona pichani. Kitu kikiwa kikubwa nje, ndani kitapunguaje?

Hakuna aliyembishia, kwa sababu ndilo jambo lililomfanya Cheche aagize gari lile. Mzee alilisema mwanzoni kabisa, sisi tukaliacha hapo, tukaendelea na viti.

Na Cheche alikuwa na haja na gari kweli. Mwaka jana alipata kazi ya geti la shule mpya inayojengwa kule mlimani. Gari la kukodi lilikuwa fupi, akalikata geti katikati, akaliunga kulekule. Rangi yake ni ile ya kuokwa kwenye tanuri, moto wa kuungia ukaibabua. Msimamizi wa jengo akaliangalia lile kovu, akasema rudisha. Ndilo hilo tunalokalia. Sasa shule inataka mageti ya kipimo hichohicho kila upande wa uzio, na msimamizi amesema atampa Cheche kazi yote kwa sharti moja: aje leo, kabla ofisi haijafungwa, amwonyeshe kwamba gari lake linabeba geti zima, mlango wa nyuma umefungwa. Akishindwa, yuko fundi mwingine.

Kabla sijafika mwisho wa mstari wa kwanza wa spika, tukasikia honi. Ilikuwa nene kama sauti ya mtu aliyeshiba.

Jamani, lile gari! Lilipokata kona, kivuli chake kilifika kabla yake. Cheche alikuwa juu huko nyuma ya usukani, kilemba cha kazini kichwani, anacheka peke yake.

Kinyozi: Haya, haya, haya! Angalieni uso! Limeukunja kama mama mkwe aliyekuta vyombo havijaoshwa!

Dokta Waya: Hiyo shoo, wavu wa mbele, mtu anaweza kuchoma mahindi juu yake.

Kinyozi: Tulia nikueleze. Mimi kazi yangu ni sura. Ile ya zamani ilikuwa na mashavu. Hii wameinyoa pembeni, juu wameacha, wameichonga mstari. Na taa je? Nyembamba, kama mtu anayekutazama na hataki ujue. Halafu huo mwanga unavuka kutoka taa hii mpaka ile. Aliyechora hii gari amekaa kwenye kiti cha kinyozi mzuri.

Mzee Breki: Taa ni za kuangaza barabara. Zile zetu zilikuwa za duara na tuliona mpaka sungura.

Cheche alizima, akashuka, akafunga mlango, akasogea pembeni. Gari likafifisha taa. Akarudi hatua chache, likawaka taa zote taratibu, kama mtu anayefumbua macho.

Cheche: Mmeona? Linanijua!

Dokta Waya: Ndicho nilichokuwa naogopa. Hizo si taa, dada. Hayo ni macho. Limeshakupiga picha, limezipeleka mahali.

Cheche: Linajua ufunguo, Dokta. Uko mfukoni.

Dokta Waya: Ndivyo wanavyotaka udhani.

Mzee Breki: Mimi gari langu lilikuwa likiniona linazima.

Kinyozi alishafika mlangoni, anapapasa. Anapapasa juu, anapapasa chini. Kitasa hakipo.

Kinyozi: Jamani, wamesahau vitasa!

Cheche: Bonyeza hapo.

Akabonyeza, kitasa kikachomoza kama kichwa cha konokono, naye akaruka nyuma. Akafungua. Chini ya mlango kikatoka kidaraja cha kukanyagia, kimejitokeza chenyewe, bila mtu kukigusa. Mzee Breki alikuwa ameshaandaa neno. Akaliangalia lile daraja. Akayaangalia magoti yake.

Mzee Breki: Hili... hili daraja linangoja mtu apande?

Cheche: Linakungoja wewe, baba.

Akakanyaga. Akapanda bila kushika kitu, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu. Akakaa kiti cha mbele cha abiria.

Basi, tukaingia wote. Kinyozi usukani, Cheche amesimama mlangoni anatuonyesha kama mwenye nyumba, mimi na Dokta Waya nyuma. Nilipitisha kidole kwenye mshono wa kiti. Uzi wa rangi ya kahawa, kama kitabu kilivyosema! Niliusoma kwa mdomo wangu mwenyewe, na sasa uko chini ya kidole changu. Nilitaka kumwambia mtu lakini hakuna aliyekuwa anasikiliza.

Kinyozi: Kioo hicho cha katikati! Televisheni ya kwangu ikikiona itajificha.

Cheche: Hapo unaona njia, unaona nyuma, unaona pembeni. Kuna kamera mpaka kwenye vioo vya pembeni.

Dokta Waya: Si nimesema macho?

Cheche: Na simu unaiweka hapo tu, inachaji. Haina waya.

Dokta Waya: Haina nini?

Cheche: Waya.

Dokta Waya: Dada Cheche, mimi na wewe ni majirani. Wanangu wanasoma kwa pesa ya waya. Unaniletea kitu kama hiki mlangoni kwangu?

Mimi: Na viti vinapasha joto. Ukurasa wa viti, mstari wa pili.

Kinyozi: Joto la nini na jua hili?

Mzee Breki: Kuku wanaweza kulalia mayai.

Dokta Waya: Sikilizeni, msicheke. Kiti cha moto ni cha kumhoji mtu. Unamkalisha, unawasha, anatoka jasho, anasema kila kitu. Hii gari haikuundwa kwa ajili ya mizigo. Imeundwa kwa ajili ya wakubwa. Na mkubwa hatembei bila mlinzi. Mlinzi anakaa wapi? Hamumwoni! Kwa hiyo ana chumba chake.

Kinyozi: Chumba kiko wapi, kwenye rimu?

Dokta Waya: Nyuma ya kiti hiki tulichokalia. Gonga uone.

Akagonga kwa kifundo cha kidole. Ikalia, kweli, kama ngoma.

Dokta Waya: Umesikia? Ni pango hilo.

Kinyozi: Hicho kichwa chako ulikigonga lini mara ya mwisho?

Tulicheka mpaka kahawa ikanimwagikia. Wakati huo Cheche alikuwa amebonyeza kitu pale mbele, na Mzee Breki akatoa mguno ambao sijawahi kuusikia kwa mtu mwenye heshima zake.

Mimi: Mzee! Umepatwa na nini?

Mzee Breki: Kiti... kinanikanda mgongo. Kinakanda palepale. Kimejuaje?

Kinyozi: Vipi, gari zuri la mwisho si lilishatengenezwa?

Mzee Breki: Niacheni. Mtu asiniongeleshe.

Nilitazama juu. Paa lote ni kioo, unaona mawingu yanapita, na lile bango la saluni limegeuka chini juu. Nikaanza kulisoma hivyohivyo limegeuka, na nikaliweza. Ndipo nikagundua Cheche hayupo tena mlangoni.

Alikuwa nyuma, na futi mkononi. Futi ya chuma, ile ya kujikunja. Aliikokota kutoka ukingo mmoja wa bodi mpaka mwingine. Akaiangalia. Akairudisha, akapima tena. Kisha akaiachia, ikajivuta kwa kelele, na sote tukageuka.

Cheche: Halitoshi.

Kinyozi: Nini hakitoshi?

Cheche: Bodi. Ni fupi. Geti linazidi mkono mzima.

Tulishuka wote isipokuwa Mzee. Tukasimama pale nyuma tunatazama, na kila mtu akaona jambo ambalo lilikuwa wazi tangu gari lilipokata kona: ukubwa wote umekwenda mbele. Wamekuza chumba cha watu, wameweka hivyo viti na hayo madaraja na hicho kioo, na pale nyuma panapokaa mzigo wakapafupisha. Wiki nzima tumesoma gari, na hatukufika nyuma.

Mzee Breki: Cheche, binti yangu.

Sauti ilitoka ndani, ndogo.

Mzee Breki: Mimi niliendesha ile ya zamani.

Cheche: Najua, baba.

Kinyozi: Weka keria juu. Chomelea keria, geti lilale juu ya paa. Kazi ya saa moja kwako.

Cheche: Paa ni kioo, Kinyozi. Nikiegemeza chuma juu ya kioo, nani atakaa chini yake?

Kinyozi: Basi acha mlango wa nyuma wazi, funga kitambaa chekundu.

Cheche: Msimamizi amesema mlango ufungwe. Mwaka juzi kuna gari lilikwenda kwake na bomba linachomoza nyuma, likatoboa gari la mwenye shule. Hataki kusikia.

Kinyozi: Basi likate, uende...

Hakumalizia. Wote tuliangalia benchi, pale kwenye kovu.

Cheche alipanda kwenye bodi, akakaa chini, mgongo kwenye ukingo, mikono juu ya magoti. Wifi yangu huyu nimemwona ameungua mkono akaendelea na kazi. Sijawahi kumwona amekaa chini mchana.

Cheche: Nimejinyima mpaka viatu kwa ajili ya gari hili, wifi. Nimewaambia watu wote.

Nilimmiminia kikombe. Na palepale simu yake ikaita, na kwa kuwa simu na gari vilikuwa vimeshaunganishwa, sauti ya msimamizi ikatoka kwenye spika zote, zile ambazo nilikuwa sijamaliza kuzisoma, mtaa mzima ukasikia.

"Fundi, nipo ofisini mpaka muda wa kufunga. Nionyeshe geti zima, mlango umefungwa. Kama huji, niambie. Yule mwenzako ameshaegesha lori lake hapa nje."

Cheche: Nakuja, mkuu.

Simu ikakatika. Hata muuza magazeti wa ng'ambo alikuwa amesimama anatutazama.

Kinyozi: Unakwenda na nini?

Cheche: Sijui.

Akaitia simu mfukoni. Mara, mle ndani ya gari, mtu akagonga. Ngo, ngo, ngo.

Kinyozi: Dokta! Huna haya? Mtu ana msiba wewe unatafuta mlinzi?

Dokta Waya: Nimesema pana chumba, nimerudi, na mimi sishuki mpaka nikione. Hiki kiti kina kiungo. Kitu hakiwekewi kiungo bure.

Tulisikia anavuta, anahema, anatukana kidogo. Kiti cha nyuma kikalala chote, kama mtu aliyezimia.

Dokta Waya: Kuna kamba nyekundu huku! Na karatasi imebandikwa! Imeandikwa kitu!

Kinyozi: Soma basi!

Dokta Waya: Miwani yangu iko dukani.

Kinyozi: Hata hivyo kusoma si zamu yako. Mama Birika!

Hata siku kama ile, sheria ni sheria. Niliweka birika chini, nikapanda kwenye lile daraja, nikapiga magoti juu ya mgongo wa kiti kilicholala. Ilikuwa karatasi ndogo ya njano, duka la magari ndilo lililoibandika. Kwa kawaida maneno nayakamata moja moja, nasogeza kidole. Haya niliyaona yote kwa mara moja, kama unavyoona uso wa mtu unayemjua.

Mimi: "Vuta. Laza ukuta."

Dokta Waya: Laza nini?

Mimi: Ukuta, Dokta! Vuta!

Akavuta. Kikalia kitu ndani, tak, na ule ukuta unaotenganisha chumba cha watu na bodi ukaanguka taratibu kuelekea kwetu, tukasogea, ukalala juu ya kiti, sawasawa kama sakafu. Upepo ukaingia. Na ng'ambo ya pili, mahali palipokuwa na ukuta, tukamwona Cheche amekaa kwenye bodi, anatukodolea macho kama sisi ndio tumemtembelea nyumbani bila hodi.

Cheche: Nyinyi mmetokea wapi?

Dokta Waya: Chumba cha mlinzi, dada. Niliwaambia.

Cheche alikuja kwa magoti, akapitisha kichwa, akapitisha mabega, akautazama ule uwazi kutoka mlango wa nyuma mpaka migongo ya viti vya mbele. Akatoa futi. Aliikokota, nami nikamshikia ncha.

Cheche: Wifi.

Mimi: Sema.

Cheche: Linaingia. Linaingia na nafasi inabaki.

Kinyozi: Futi isikudanganye! Futi ndiyo ileile iliyokuliza sasa hivi. Lete geti tuone.

Cheche: Mageti yangu mengine yako kwa mpiga rangi, ng'ambo ya mji. Nikienda kule kwanza ofisi itafungwa.

Sijui nani aliangalia benchi kwanza. Nadhani sote. Kinyozi alikuwa ameshakaa, kwa mazoea, mguu juu ya mguu.

Cheche: Inuka.

Kinyozi: Kwa nini niinuke?

Cheche: Umekalia kipimo changu.

Hapo ndipo kijiwe kilipoamka. Niliondoa vikombe, muuza magazeti akavuka barabara kuja kushika pembe moja, Dokta Waya pembe nyingine, Kinyozi analalamika mgongo huku amebeba kuliko wote. Geti liliinuka na mbao zake na waya zake. Likaingia kwa mlango wa nyuma, likapita kwenye bodi, likapita pale palipokuwa na ukuta, lile kovu nalo likapita, pua yake ikatulia pembeni ya sikio la Mzee Breki.

Mzee Breki: Karibu.

Cheche akashika mlango wa nyuma. Akauinua kwa mikono miwili.

Kop!

Umefungwa. Akaufungua, akaufunga tena. Kop! Akaufungua mara ya tatu bila sababu yoyote, kusikia tu. Sisi tunapiga kelele kama timu imefunga bao dakika ya mwisho. Kinyozi alimkumbatia Dokta Waya, watu ambao wiki hiyo yote walikuwa wamenuniana kwa ajili ya rangi ya rimu.

Cheche: Leteni na matofali, tuyazibie pembeni lisicheze njiani.

Kinyozi: Unakwenda nalo?

Cheche: Ndiyo.

Kinyozi: Hilohilo? Alilolikataa msimamizi?

Cheche: Hilohilo. Alisema nije na geti zima. Atanieleza liko wapi geti zima zaidi ya lile alilonirudishia.

Alifuta uso kwa kilemba, akapanda. Nikamchungulia Mzee Breki.

Mimi: Mzee, shuka, mwenzio ana haraka.

Mzee Breki: Dereva mgeni na gari geni, hawezi kwenda bila msaidizi.

Cheche: Anataka kukandwa tu.

Mzee Breki: Na hilo pia.

Wakaondoka. Ile honi iliita mpaka mwisho wa barabara. Tukabaki mimi, Kinyozi na Dokta Waya, tumesimama na vikombe mkononi. Wateja wa saluni walikuja wakaambiwa wasubiri. Dokta Waya akaanza kueleza kwamba kama ukuta wa nyuma unalala, basi na sakafu lazima inafunguka, na chini ya sakafu pana gari jingine dogo. Kinyozi alimpa mgongo. Alikuwa anatazama barabara.

Nilimimina, nikamimina, birika likawa jepesi. Ndipo simu yangu ikaita. Niliona jina kwenye kioo, nikalisoma kabla sijapokea: W-i-f-i. Zamani nilikuwa namtambua kwa mlio.

Mimi: Ehe?

Cheche: Wifi! Wifi, amefunga mlango kwa mkono wake mwenyewe! Akafungua, akafunga tena. Akaingia ndani akakaa, akaniuliza hiki kiti kinafanya nini, na Mzee Breki akamwonyesha. Mageti yote ni yetu! Na milango ya madarasa!

Nilipiga kigelegele mpaka njiwa wa paa la saluni wakaruka. Kinyozi na Dokta Waya wakaisogelea simu, kila mtu anasukuma sikio lake.

Kinyozi: Alilitambua lile geti?

Cheche: Aliliona kovu. Akacheka, akasema hili nalijua. Akauliza hizi mbao ni za nini. Nikamwambia ni za watu wangu, ndipo wanapokaa. Basi akalikalia.

Dokta Waya: Pale katikati?

Cheche: Palepale katikati.

Tulicheka, jamani.

Cheche: Halafu ameomba libaki. Mafundi wake hawana pa kukaa wakati wa chakula. Nimemwachia, na matofali yake. Ameniandikia kwamba limepokelewa!

Kinyozi: Limepokelewa? Lile?

Cheche: Lile! Mimi nitawatengenezea jingine, zuri, halina kovu.

Kinyozi: Weka kovu! Bila kovu mgeni tutamtambuaje?

Kwa nyuma sauti ya Mzee Breki ikasema tusimpigie tena, gari linahitaji utulivu. Simu ikakatika.

Tulikuwa bado tunarudia, Kinyozi anaigiza msimamizi anavyobanwa suruali, Dokta Waya anadai picha yake iwekwe karakana kwa kuwa bila chumba cha mlinzi tusingefika popote, aliposimama mbele yetu kijana mmoja amevaa shati safi, gazeti kwapani, kijasho usoni. Mgeni. Alituangalia sisi watatu tuliosimama, akaangalia chini, pale kwenye alama nne nyeupe ambazo matofali yalikuwa yameziacha ardhini.

Mgeni: Samahani, wazee wangu, mama, shikamoo. Nimeambiwa hapa ndipo penye kijiwe kizuri. Watu huwa wanakaa wapi?

Kinyozi akanitazama mimi. Mimi nikamtazama Dokta Waya. Dokta Waya akazitazama zile alama nne.

Nikainamisha birika mpaka mwisho, nikampa mgeni kikombe kilichobaki. Akakinywa amesimama, kama sisi.